Kuamsha Kiporo

Beseni lilirudi likiwa limejaa.

Ijumaa hiyo Mama Pacha alikuwa mlangoni akikung'uta mkeka. Kabla hata hajautazama uso wa mumewe, alikiona kitambaa cha maua kimevimba juu ya beseni vilevile alivyolifunika asubuhi, akajua kuna jambo. Tangu waanze kuwapikia mafundi wa karakana ya mbao iliyo ng'ambo ya barabara, beseni lile halikuwahi kurudi na kitu. Liliondoka zito na kurudi jepesi, na siku nyingine mafundi walilifuta kwa vidole hata kazi ya kuliosha ikapungua.

"Vimechacha," alisema mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Seremala. Alilitua beseni kizingitini kama anayetua jeneza. "Vyote. Watu wawili wako nyuma ya karakana wanatapika. Yule kijana Msumari anasema hata gundi ya mbao ina harufu nzuri kuliko chakula cha kwetu."

"Vimechacha vipi?" Sauti ilitoka jikoni, na mwenye sauti akaifuata akijifuta mikono. Huyo alikuwa Bi Mkubwa, mama yake Seremala, mwenye jiko, mwenye mwiko, na mwenye neno la mwisho katika nyumba ile. "Vitonge vyangu? Vimepita mkononi mwangu vile, nimevionja mwenyewe."

Aliinama, akachukua kitonge kimoja, akakivunja, nusu akaitia mdomoni. Alitafuna polepole mbele yao wote wawili, akameza, akapangusa midomo. "Havina kitu," alisema. "Mafundi wako wamelewa jana, leo wanatafuta pa kutupia lawama."

Mama Pacha alikuwa amesimama mbali kidogo, na bado harufu ya uchachu ilikuwa imeshamfikia puani. Alimtazama mama mkwe wake akimeza, akasema moyoni kwamba kufa na tai shingoni ndiko huku. Mtu yuko radhi ajilishe uozo kuliko kukubali kwamba amekosea.

Hawakupata nafasi ya kubishana zaidi, maana Nyapara alikuwa anavuka barabara. Msimamizi yule wa karakana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na tumbo kubwa, penseli sikioni, na adabu ya kutosha, ila siku hiyo tumbo lenyewe alikuwa amelishika.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, baba. Karibu ukae."

"Sikai. Nimekuja kusema maneno mawili tu." Alivuta pumzi. "Sisi tumekula hapa miaka. Hatukuwahi kulalamika. Lakini leo, Bi Mkubwa, mmetulisha makombo."

Angetaja tusi la nguoni lingemuuma kidogo kuliko neno hilo. Bi Mkubwa alinyooka, na hata Seremala alirudi nyuma.

"Makombo? Mimi?" alisema. "Sikiliza, mwanangu. Makombo ni mabaki ya sahani. Ni kile mtu amekwisha kukitia mkono na mate yake, akakiacha. Kiporo ni chakula kilichobaki ndani ya sufuria, hakuna mlaji aliyekigusa, kimelala tu. Mimi nimelea watoto kwa kiporo. Nimewapa nyinyi kiporo mkalamba vidole. Lakini makombo sijampa hata kuku wa jirani."

"Liite unavyotaka, mama. Watu wangu wanashika matumbo." Nyapara aligeuka akamtazama Mama Pacha, kisha akarudisha macho kwa mzee. "Nani alipika yale maharage jana?"

Bi Mkubwa alilitazama beseni, akamtazama mwanawe, na mwisho akamwelekea mke wa mwanawe.

"Nilipika mimi," alisema. "Ila aliyefunika sufuria ni huyu. Ameyafunika maharage yakiwa ya moto, yakajifukiza usiku kucha. Nimemwambia tangu alipoingia nyumba hii, chakula cha moto hakifunikwi ukakiziba pumzi. Kichwa chake kigumu."

Uongo mtupu. Mama Pacha alikumbuka vizuri jinsi alivyolaza mwiko ukingoni mwa sufuria na kuegemeza kifuniko juu yake ili mvuke utoke, vilevile alivyofundishwa kwa kukaripiwa. Alifungua mdomo. Alimtazama mumewe amsemee. Seremala alikuwa anatazama viatu vyake, akivichunguza kana kwamba ndiyo kwanza amepewa.

"Utanisamehe, bwana," alisema Mama Pacha. Uso ulimwaka moto.

Nyapara alikohoa. Hakufurahia kumwona mwanamke mtu mzima akiomba radhi mlangoni kwake huku majirani wakiwa wamechungulia. "Jumatatu leteni tena mara moja," alisema. "Ni kwa heshima ya Bi Mkubwa tu. Ila mtu mmoja akilalamika, mmoja tu, nitamchukua yule dada wa pale kona. Ameshaniomba sana."

Dada wa pale kona alikuwa na mwavuli wa rangi mbili, sahani za plastiki na tabasamu kwa kila mpita njia. Na kila mmoja pale kizingitini alijua kwamba karakana ndiyo iliyokuwa ikiwalisha, maana mshahara wa Seremala ulikuwa na tabia ya kupotea njia kila mwezi kabla ya kufika nyumbani.

*

Inafaa ieleweke kilichokuwa ndani ya beseni lile. Mchana nyumba ilipika wali na maharage kwa ajili ya mafundi. Kilichobaki sufuriani kililala, na asubuhi yake Bi Mkubwa alikigeuza vitonge vya kukaanga, vya kahawia nje na laini ndani, ambavyo mafundi walivila na chai kabla ya kushika randa. Siri ya biashara ile ni kwamba mafundi waliyapenda mabaki kuliko mlo wenyewe. Wengine walifikia hata kujinyima mchana makusudi ili kibaki cha kutosha kesho.

Kazi hiyo Bi Mkubwa aliiita kuamsha. "Chakula hakijafa," alizoea kusema, "kimelala, kinataka mtu wa kukiamsha." Aliipata kwa mama yake, aliyeipata kwa mama yake. Wajukuu wake pacha, wasichana wa darasa la tatu, walishamuuliza kama na wao wakilala wanakuwa kiporo, akawajibu kwamba ndiyo, na wakichelewa shule atawakaanga.

Lakini kufundisha hakufundisha. Mama Pacha aliosha, akamenya, akakatakata, akapuliza moto, akaosha tena, miaka yote ya ndoa yake. Akiuliza ndimu inatiwa kiasi gani, jibu lilikuwa moja.

"Kiasi."

"Kiasi gani, Mama?"

"Kiasi chake."

Na sufuria haikuonjwa na mtu ila mwenyewe. Alichota kidogo kwa mwiko, akadondoshea kiganja cha kushoto, akalamba, akafumba macho kama anayesikiliza habari kutoka mbali. Kisha akaongeza hiki au kile. Mama Pacha alikuwa hajawahi kuweka ulimi wake kwenye chakula kile kabla hakijaiva na kupakuliwa. Haikukatazwa kwa maneno. Ilijulikana tu.

Jioni ile walikula bila mazungumzo. Baadaye, watoto wakiwa uani wakisuka nywele za mwanasesere wao, Mama Pacha alimfuata mumewe chumbani.

"Uliniona nikiweka mwiko chini ya kifuniko," alisema.

"Niliona."

"Kama uliona, mbona ulitazama viatu?"

Seremala aliketi ukingoni mwa kitanda. Vidole vyake vilikuwa na vumbi la mbao lisilotoka hata kwa sabuni. "Ni mama yangu."

"Na mimi ni nani? Mpangaji?"

"Tafadhali, punguza sauti." Alijikuna shingo. "Nikisema mama amekosea jikoni, nimemwambia amezeeka. Hana kitu kingine yule. Hana shamba, hana mume, meno yenyewe yamebaki ya kuhesabu. Ana lile jiko tu. Na mimi usidhani nimebaki salama. Kule karakana tangu leo wananiita Mzee Makombo."

"Afadhali wewe umepewa na cheo," alisema Mama Pacha. Alitaka kulia, na badala yake kicheko kikamponyoka, na mumewe akacheka pia kwa woga. Lakini neno lile la kichwa kigumu halikumtoka, akalala nalo.

*

Jumapili asubuhi, pacha ndio walioandaa chai. Ilikuwa zamu yao, nao waliichukulia zamu hiyo kama kazi ya serikali. Yule wa kwanza alichemsha, yule wa pili akatia vitu, kisha wote wawili wakashika kikombe kimoja cha Bibi kwa mikono minne na kumpelekea kitini kwake.

Sasa nyumba ile ilikuwa na mikebe miwili ya bati inayofanana kama wenyewe pacha, mmoja wa sukari na mmoja wa chumvi. Jana yake yule wa pili alitumwa dukani kununua chumvi, na kwa haraka ya kurudi kwenye mchezo aliimimina kwenye mkebe aliouona wa kwanza, ambao ulikuwa wa sukari.

Bi Mkubwa alikunywa. Alichovya mkate, akala, akanywa tena, akazungusha kikombe ili apate na ya chini. "Leo mmenipatia," alisema. "Chai tamu kweli. Mtaolewa na mawaziri nyinyi."

Mama Pacha alijimiminia yake, akatia kutoka mkebe uleule, akapiga funda moja. Macho yalimtoka. Alikimbilia dirishani akatema nje, akajifanya anakohoa. Alipogeuka, Bi Mkubwa alikuwa anafuta sehemu ya ndani ya kikombe kwa kipande cha mwisho cha mkate, ametulia, ameridhika.

Alisimama pale na mambo yakaanza kujipanga kichwani mwake yenyewe kwa yenyewe. Kile kitambaa cha jikoni kilichoungua wiki iliyopita pembeni mwa Bi Mkubwa, moshi ukaenda hadi uani, naye akaendelea kuchambua mchele. Ile mboga iliyotiwa chumvi mara mbili, Seremala akainywea maji jagi zima bila kunung'unika. Yale mafua makali ya msimu wa baridi yaliyomlaza mzee, akaamka siku ya mwisho akisema amepona kabisa. Na kile kitonge kilichochacha alichokitafuna mbele yao bila kukunja uso. Hakikuwa kiburi. Mama mkwe wake hakuwa na pua, na ulimi wake ulikuwa umekufa ganzi.

Cha kwanza alichohisi kilikuwa furaha, na furaha yenyewe ilikuwa chafu. Alikuwa ameshikishwa panga. Angeweza kwenda karakana leoleo, akamwita Nyapara na Msumari na wote, akawaambia nani amewachafua matumbo. Angeweza kumwita mumewe amwonjeshe chai ile. Akaiona kabisa sura ya Bi Mkubwa siku hiyo, na alipoiona sawasawa furaha ikamtoka. Ikaja huruma, na huruma nayo haikukaa peke yake, maana mtu akikupaka matope mbele ya majirani humhurumii moja kwa moja. Aliendelea kuwa na hasira na kumwonea uchungu mtu mmoja kwa wakati mmoja, na hilo lilimchosha kuliko kufua.

Pacha walikuwa wameshaonja chai yao. Walikuwa wanatazamana, mashavu yamejaa, hawajui wameze au wateme.

"Nendeni mkateme nje," aliwanong'oneza. "Na atakayesema neno nitamkaanga."

*

Jumatatu Bi Mkubwa alikuwa jikoni mapema kuliko kawaida. Jikoni kwenyewe kulikuwa kibanda cha mabati kilichoegemezwa ukuta wa nyumba, chenye mafiga, rafu moja na dirisha dogo lisilo na kioo. Maharage ya jana yalikuwa yamelala salama, kifuniko kikiwa kimeegemezwa kwenye mwiko. Mama Pacha alikuwa ameyaangalia mara kadhaa, akayanusa hadi akajiona mjinga.

Bi Mkubwa alinyoosha mkono kwenye rafu akateremsha bakuli la wali. Ulikuwa wa Jumamosi. Mama Pacha alidhani umeshatupwa. Bi Mkubwa aliinamia bakuli, akavuta pumzi kwa nguvu kama afanyavyo siku zote, akatikisa kichwa kuridhika, na kuanza kuumimina wali kwenye sinia.

Mama Pacha alimshika kifundo cha mkono.

Hakuwahi kumshika hivyo. Wote wawili waliutazama mkono ule.

"Wali huo umechacha, Mama."

"Nimeunusa."

"Hukuunusa." Hakuuachia mkono ule. "Jana ulikunywa chai ya chumvi. Kikombe kizima. Ukasema tamu."

Bi Mkubwa alilitua bakuli. Alivuta kigoda kwa mguu, akakaa, na kukaa kwake kulikuwa kwa mtu aliyesimama muda mrefu sana. Moto ulikuwa unavuma chini ya sufuria tupu, na Mama Pacha akausogeza ukuni pembeni ili apate la kufanya.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza Bi Mkubwa.

"Watoto wanajua chai. Hili lingine hawajui. Baba yao hajui."

"Tangu yale mafua," alisema mzee. "Nilifikiri itarudi. Kila asubuhi navunja kitunguu nakiweka hapa puani. Wapi. Ni kama kunusa jiwe. Kula nakula kwa kukumbuka tu, naambia mdomo huu ni wali, haya ni maharage." Alicheka kidogo bila raha. "Mpaka sukari na chumvi, kumbe."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Mpishi asiyeonja, katika nyumba hii ni nani? Ni mzee wa kupelekewa sahani kitini na kuulizwa kama ameshiba." Alikuwa anazungumza na mikono yake mapajani. "Na ile Ijumaa, Nyapara aliposema makombo, nikaona mwisho wangu umefika. Nikakushika wewe nikakutupa mbele. Nilijua. Niliuona ule mwiko, uliuweka vizuri. Uliuweka vizuri tangu zamani, sikuwahi kukuambia."

Mama Pacha aligeuka akatazama dirishani maana machozi yalikuwa yamefika. Alikuwa amelisubiri neno lile kwa miaka, na sasa lilivyokuja lilimkuta ana haraka. Mafundi walikuwa wameanza kufungua karakana. Sauti ya msumeno wa kwanza ilishasikika.

"Haya, Mama," alisema, akijipangusa kwa mgongo wa mkono. "Inuka tuamshe. Maharage ni mazima. Wali sina, lakini kuna viazi vya jana na kuna mkate mkavu. Niambie kiasi."

"Kiasi gani?"

"Hicho hicho ulichoninyima."

Bi Mkubwa alimtazama, na pembe moja ya mdomo ikapanda. Akainuka.

Ikawa kazi. Maharage yalitenganishwa na mchuzi wake, mchuzi ukachemshwa peke yake mpaka ukawa mzito. Kitunguu kikakaangwa, na hapo Bi Mkubwa akamkataza mwenzake kutazama. "Sikiliza. Sasa kinalia kwa kelele, bado kina maji. Kikishuka sauti, kikawa kinanong'ona, toa. Usingoje rangi, rangi inachelewa." Viazi vikapondwa pamoja na maharage. "Usiponde vyote vikawa uji. Acha vingine vizima, mtu akitafuna akutane nacho." Mkate mkavu ukasuguliwa ukawa unga, ukatiwa kidogo kidogo huku mkono wa mzee ukiwa ndani, na mkono wa mke wa mwanawe ukiwa ndani pia, vidole vimegusana kwenye mseto wa uvuguvugu. "Unasikia unavyokung'ang'ania? Haujatosha. Ukikuachia bila kukudai, umetosha."

"Hiki ndicho kiasi?"

"Hiki ndicho. Ningekuambiaje kwa mdomo?"

Zikabaki chumvi, pilipili na ndimu. Hapo mikono haikusaidia. Bi Mkubwa alichota kidogo kwa mwiko, na kwa mazoea akakielekeza kwenye kiganja chake cha kushoto. Mkono ukasita hewani. Kisha akauchukua mkono wa kushoto wa Mama Pacha, akaukunjua vidole, na kudondoshea pale katikati.

"Nionjee," alisema.

Mama Pacha alilamba. Alifumba macho, kwa kuwa ndivyo alivyoona ikifanywa, na mara moja akaogopa. "Sijui natafuta nini, Mama. Ni kizuri."

"Kizuri si jibu. Kinakugusa wapi?"

"Mbele. Ncha ya ulimi. Halafu kinakufa."

"Kinakufa haraka?"

"Ndiyo. Nyuma hakuna kitu."

"Hicho hakijaamka. Kamulia ndimu, nusu." Akasubiri. "Sasa?"

"Sasa mashavu yananibana."

"Yanabana mpaka unataka maji, au yanabana mate yakaja?"

"Mate yanakuja."

"Basi. Acha hapo. Chumvi?"

Mama Pacha alionja tena, akafikiri. "Bado kidogo," alisema, na akashangaa alivyokuwa na hakika. Aliongeza mwenyewe, kwa vidole vyake vitatu, na Bi Mkubwa hakuangalia ametia kiasi gani.

*

"Leo nalipeleka mimi," alisema Bi Mkubwa beseni lilipojaa.

Hakuwahi kuingia karakana. Alivuka barabara akiwa ameshika bega la Mama Pacha, aliyebeba beseni, na walipoingia misumeno ilinyamaza mmoja baada ya mwingine. Seremala alikuwa anapiga randa mlango. Alipomwona mama yake amesimama kwenye maranda ya mbao na viatu vyake vya kutokea, randa ilimponyoka.

Nyapara alisogea. "Bi Mkubwa, umejisumbua."

"Nimekuja kusema maneno mawili tu," alisema mzee. Alikuwa ameyakumbuka maneno ya Nyapara na alimrudishia yalivyo. "La kwanza. Ijumaa nilikuambia aliyeharibu maharage ni huyu. Nilisema uongo. Alifunika vizuri. Chakula kilichacha, mimi sikunusa, kwa sababu pua yangu imekufa na ulimi wangu umeifuata. Nimewapikieni tangu baridi kwa kubahatisha. Mliotapika, mnisamehe."

Msumari, kijana mwembamba mwenye mdomo mpana, alifunua mdomo huo na kuufumba.

"La pili. Huyu ndiye anayeonja sasa. Chakula cha leo kimepita kwenye ulimi wake. Kikiwa kibaya, mwambieni yeye. Kikiwa kizuri, mwambieni yeye vilevile." Alisita. "Na ni kiporo. Makombo mkayatafute kona."

Mama Pacha alikuwa anatazama chini, kwenye kitambaa cha maua. Mumewe alipita katikati ya mabenchi, akaja akasimama kando yake, karibu kabisa, mbele ya watu. Alichukua kitonge cha kwanza. Alikitia chote mdomoni, akawa anawatazama wenzake akitafuna, na safari hii hakutazama viatu.

Nyapara alichukua cha pili. Msumari alichukua cha tatu, akakinusa kwa mbwembwe kama mbwa wa polisi, watu wakacheka. Aliuma kidogo. Akauma tena. Halafu utani ukamwisha, akavuta gogo akakaa, akala kimyakimya, na mkono wake ukarudi kwenye beseni kabla cha kwanza hakijaisha.

"Hiki kina kitu kule nyuma," alisema, akionyesha koo lake. "Cha zamani hakikuwa hivi."

"Ndimu," alisema Mama Pacha. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema neno ndani ya karakana ile.

"Dada wa kona atasubiri," alisema Nyapara na kinywa kimejaa. Alitoa penseli sikioni, akairudisha, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kuandika. "Kesho mje. Na wewe, Mzee Makombo, rudi kwenye mlango wako, mteja anausubiri."

"Mzee Kiporo," alisahihisha Msumari, na karakana yote ikaangua kicheko, Seremala naye akiwemo.

*

Jioni ile beseni lilikuwa limening'inizwa ukutani, kavu. Mama Pacha alikuwa anapika chakula cha nyumbani, maharage machache na mabaki ya viazi, na pacha walikuwa wamejibanza mlangoni kuangalia. Walikuwa wamegundua kwamba sasa jikoni kunazungumzwa.

Bi Mkubwa alikuwa kwenye kiti chake ukumbini. Alikuwa amekaa huko tangu waliporudi, mikono mapajani, akitazama barabara. Alikuwa amesema alichokwenda kusema, na sasa hakujua afanye nini na siku iliyobaki. Mama Pacha alimwona kupitia mlango. Alimwona alivyoinua pua harufu ya kitunguu ilipopita, kisha akaishusha.

Alichota kidogo kwa mwiko. Akatoka jikoni, akavuka ukumbi, akapiga magoti mbele ya kile kiti. Aliuchukua mkono wa kushoto wa mama mkwe wake, akaukunjua vidole, na kudondoshea pale katikati.

"Nionjee, Mama."

Bi Mkubwa aliutazama mkono wake, kisha akamtazama yeye kwa maumivu, akidhani anachezewa. "Mimi tena? Nikuonjee kwa nini, mwanangu? Nimeshasema mbele ya watu."

"Ulimi ninao. Kiasi bado sijakijua."

Taratibu, mzee alilaza kidole gumba juu ya ule mseto kiganjani, akausugua, akaufinya, akaupindua kuelekea mwanga wa mlangoni. Alifumba macho.

"Kimelegea," alisema. "Ongeza mkate." Na tayari alikuwa ameshainuka, anaelekea jikoni, akiwaamuru pacha watoke njiani.